Niandike wosia, au nimwandikishie kijana wangu kila kitu?

*"Nina miaka 61, naishi Busia upande wa Uganda, kazi yangu ni malori. Nina mke wa ndoa ya kanisani na tuna watoto wanne. Jinja nina mama mwingine, nimezaa naye watoto wawili, na mahari nilipeleka kwao. Mali yangu ni nyumba ya Busia, nyumba ya Jinja yenye hati ya lizi (ardhi ya kukodi kwa miaka maalumu) kwa jina langu, kibanja Luwero nilichonunua kwa makubaliano ya karatasi, shamba la nyumbani Tororo ambalo hati yake bado ina jina la marehemu baba, malori mawili, akaunti ya benki na akiba kwenye SACCO. Benki niliandika jina la ndugu yangu kama ndugu wa karibu. Ndugu huyo alifariki miaka mitatu iliyopita bila wosia. Mdogo wetu alichukua barua za mahakama za kusimamia mirathi, ameuza lori la marehemu, na mjane na watoto hawajaona hata shilingi. Sitaki wangu wapite njia hiyo. Rafiki yangu anasema wosia ni kazi bure, nimhamishie kijana wangu mkubwa kila kitu ningali hai ili mahakama isiingie. Mwingine anasema nijirekodi video kwenye simu, inatosha. Nifanye nini?"*

Mzee wangu, asante kwa kuandika yote bila kuficha, hata la Jinja. Wengi huniletea nusu ya habari, na nusu ya pili hujitokeza siku ya matanga, mama mmoja amesimama nyuma ya umati na watoto wawili mkononi, na hakuna anayemjua isipokuwa dereva wa marehemu.

Kwa ninavyokuelewa, kifo chenyewe hakikutishi sana. Kinachokutisha ni ulichokiona kwa ndugu yako: mali ipo, watoto wapo, na katikati amekaa mtu mmoja mwenye karatasi ya mahakama. Nitaanza na ushauri wa rafiki yako, kwa sababu ndio wa hatari zaidi. Kisha nitafika kwenye wosia. Lakini nitakaa sana kwenye jambo ambalo hukuniuliza, nalo ndilo litakalowatesa wanao kuliko yote: karatasi za mali yako zinasimulia maisha mengine, siyo unayoishi.

Kwanza tuelewe kwa nini mali hukwama. Mtu akifa, mkono wake wa kutia sahihi umekufa naye. Benki haiwezi kulipa, ofisi ya ardhi haiwezi kubadilisha jina, mnunuzi wa lori hana wa kumwandikia risiti halali. Mke hana mamlaka hayo kwa kuwa mke tu, wala mtoto wa kwanza kwa kuwa wa kwanza. Lazima mahakama imtaje mtu wa kusimama mahali pa marehemu. Pasipo wosia, safari yenyewe ni hii: barua ya mwenyekiti wa kijiji (LC1), cheti cha kifo kutoka NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, kuripoti kifo kwa Kabidhi Wasii Mkuu, ofisa wa serikali anayeangalia mali za marehemu, aliye chini ya Wizara ya Sheria, kikao cha familia, kisha cheti cha kutokuwa na pingamizi. Hapo ndipo ombi linapoingia mahakamani na tangazo hutolewa kwa siku 14 ili mwenye neno aseme. Mtu mmoja tu akiweka pingamizi, ombi linageuka kesi. Mirathi ndogo husikilizwa na mahakama za mahakimu, kubwa huenda Mahakama Kuu. Ukiacha wosia wenye jina la msimamizi, huyo msimamizi huenda mahakamani moja kwa moja bila kuhitaji kile cheti cha Kabidhi Wasii Mkuu. Kwa hiyo wosia haufuti mahakama, kama wengi wanavyodhani. Unafupisha njia, na unakupa wewe nafasi ya kuchagua nani ashike usukani badala ya kuwaachia wanaume wa ukoo waamue chini ya turubai.

Sasa kijana wako mkubwa. Ukihamisha hati kwenda jina lake hujampa kazi ya kuwatunzia wenzake, umempa mali. Akichukua mkopo, nyumba yako ni dhamana. Akishtakiwa, wadai wake wataikamata. Akikosana na wewe mwakani, huna pa kwenda kulalamika, kwa sababu ile ahadi ya "utawagawia wadogo zako" mliyopeana sebuleni haimo kwenye daftari la ardhi. Na akitangulia yeye, jambo ambalo mtu wa malori anajua halipangiwi umri, mali yako yote inaingia kwenye mirathi yake. Watoto wake na mkewe ndio watakaopewa karibu yote. Wewe mzazi utakaa kwenye benchi la ndugu wategemezi, mgawane asilimia 4, tena ukithibitisha kwamba alikuwa akikulisha. Mkeo wa kanisani na watoto wako wengine watano watabaki wageni kwenye nyumba waliyokulia.

Rafiki yako huenda pia anaogopa kodi. Uganda haina kodi ya urithi. Ukihamisha ukiwa hai ndipo unapolipa ushuru wa stempu, asilimia 1.5 ya thamani ya ardhi, pamoja na ada nyinginezo. Sisemi usihamishe chochote. Nitakuonyesha kimoja ambacho mimi ningekihamisha. Lakini kumwaga vyote kwenye jina moja ni kuhamisha tatizo kutoka kaburi lako hadi kwenye maisha ya kijana ambaye hajaomba mzigo huo.

Video ya simu haifai. Wosia Uganda ni wa maandishi, wenye sahihi na mashahidi. Walioruhusiwa kutamka tu kwa mdomo ni askari aliye vitani au kwenye msafara wa kijeshi, na baharia aliye baharini. Wewe uko Busia. Hata maneno ya mwisho hospitalini, yasikiwe na ukoo mzima, kisheria hayagawi kitu.

Tufike kwenye lile zito. Ndoa ya kanisani ni ya mke mmoja, na maadamu ipo, mahari uliyopeleka kwa wakwe wa Jinja haikufunga ndoa ya pili mbele ya sheria. Nayo miaka mliyoishi pamoja haijumlishwi ikawa ndoa, iwe mitano au thelathini. Watu wengi Uganda wanaamini kinyume cha hapo, na wengi wanaoumia ni wanawake. Sikuhubirii, nakwambia tu siku hiyo itakavyokuwa: ukifa bila wosia, mama wa Jinja hatatambuliwa kama mjane. Watoto wake wawili ni habari nyingine kabisa. Sheria haitofautishi mtoto wa ndani ya ndoa na wa nje. Wote sita wako sawa, wa kike na wa kiume, mradi ijulikane kuwa ni wako.

Acha nikuonyeshe kwa hesabu. Tuseme ukiondoa nyumba ya familia, mali yako ni shilingi milioni 200, na hukuacha wosia. Kwa sheria ya urithi ilivyorekebishwa mwaka 2022, asilimia 75 ni ya watoto: milioni 150, kila mmoja wa sita apate milioni 25. Mke wa ndoa asilimia 20, yaani milioni 40. Ndugu wategemezi asilimia 4, milioni 8. Mrithi wa kimila asilimia 1, milioni 2. Mama wa Jinja, sifuri.

Hiyo asilimia 1 itazame vizuri, kwa sababu inavunja imani nyingine ya nyumbani. Yule anayevikwa kanzu siku ya kumaliza matanga, akakabidhiwa mkuki au kigoda cha marehemu, amerithi nafasi ya heshima katika ukoo. Mali hajarithi. Nimeona vijana wakitoka kwenye sherehe hiyo moja kwa moja hadi kwa wapangaji wa marehemu kudai kodi, wakiamini kabisa kwamba wana haki. Na mgao huu nao una historia. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu kadhaa vya sheria ya urithi kwa kumbagua mwanamke, na Bunge likachukua miaka kumi na mitano kuziba pengo. Wazee wengi vijijini bado wanahesabu kwa sheria ya zamani iliyompa mjane asilimia 15, kwa hiyo usishangae ukisikia namba tofauti kwenye kikao.

Nyumba kuu mnayoishi na mkeo haimo katika mgao huo. Mjane na watoto wana haki ya kuendelea kukaa humo, na anayewafukuza anatenda kosa la jinai, awe shemeji au mzee wa ukoo. Mwambie mkeo hili sasa, ukiwa hai. Mwanamke anayelijua hatoki nyumbani kwa kelele za watu.

Kwa hiyo ndiyo, andika wosia. Huhitaji karatasi yenye mhuri wala Kiingereza kigumu. Uandike katika lugha unayoijua vizuri; ikibidi kutafsiriwa mahakamani itatafsiriwa. Utie sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie zao mbele yako, pamoja na majina na anwani zao, kila ukurasa. Kosa linaloharibu wosia mwingi ni dogo sana: shahidi aliyeachiwa kitu. Ukimwachia binti yako lori na mumewe akatia sahihi kama shahidi, wosia utasimama lakini lori la binti litaanguka. Chagua mashahidi wasio na faida yoyote katika jambo hili: mwenyekiti wa LC1, jirani, katibu wa kanisa, daktari wako. Katika umri wako daktari ni shahidi mzuri, maana wa kwanza kupinga atasema mzee akili zilikuwa zimeyumba.

Ndani ya wosia, taja watu kama wanavyoonekana kwenye kitambulisho cha taifa, na namba zake. Watoto wote sita, mmoja mmoja, na mama zao. Sentensi moja tu, "Hawa sita ndio watoto wangu wote na ninawatambua," itawaokoa wale wawili wa Jinja na kikao cha kubishana kama wapelekwe kupimwa vinasaba huku baba hayupo wa kutoa sampuli. Mali nayo itaje kwa namba za hati, siyo "nyumba yangu ya kule juu". Andika pia kila kitu ambacho hukukitaja kiende kwa nani, na ikiwa mmoja ametangulia fungu lake lipokewe na nani. Kama kuna mtoto chini ya miaka 18, taja mlezi. Taja utazikwa wapi, maana nimeona jeneza likizunguka wilaya mbili kwa kukosa mstari huo. Na taja wasimamizi wawili, mmoja awe na umri mdogo kuliko wako, anayetarajiwa kuishi baada yako. Msimamizi anaweza kuwa mrithi pia, hilo si kosa.

Usijaribu kumnyima mkeo ili kuijaza Jinja, au kinyume chake. Wosia usiomwachia mke, mtoto au mtegemezi riziki ya kutosha, mahakama inaweza kuurekebisha kwa ombi lake, na hapo umerudi kwenye kesi uliyokuwa unaikimbia. Na ukumbuke: ukija kufunga ndoa mpya ya halali baada ya kuandika wosia, ndoa hiyo inaufuta. Utaandika mwingine.

Nakala halisi usiifungie mahali unapopajua peke yako. Mpe wakili, au ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu, au kiongozi wa dini unayemwamini, na uwaambie wasimamizi iko wapi. Yaliyomo si lazima wayajue.

Sasa karatasi zenyewe.

Shamba la Tororo ndilo litakalonikosesha usingizi kwa niaba yako. Huwezi kumwachia mtu kitu kisicho chako, na hati inasema shamba ni la baba. Hata uandike wosia mzuri kuliko yote, msimamizi wako akifika ofisi ya ardhi ataambiwa aanze na mirathi ya baba yako. Wakati huo walio hai na wanaojua mipaka watakuwa wachache zaidi, na warithi watakuwa wameongezeka: watoto wa ndugu yako aliyefariki, watoto wa dada zako, wajukuu wasiofahamiana. Leo mko wachache. Iteni kikao cha watoto wote wa mzee wenu, dada zenu wakiwemo, kwa sababu nao ni watoto kama ninyi. Ombeni barua za usimamizi wa mirathi ya baba, mpimeni shamba kwa mpimaji aliyesajiliwa, kila mmoja atoe hati yake. Fungu la ndugu yako marehemu liende kwa mirathi yake, yaani kwa mjane na watoto. Mkiafikiana mgao wenu tofauti na ule wa sheria, uandikeni na muupeleke mahakama iuidhinishe, sheria inaruhusu. Kama ungeniambia una fedha za kufanya jambo moja tu mwaka huu, ningekwambia hili, kabla hata ya kumlipa wakili wa wosia. Wosia unaweza kuuandika mwenyewe Jumapili mchana. Hati ya baba huwezi.

Nyumba ya Jinja ndiyo ile niliyosema ningeihamisha. Una njia tatu. Ya kwanza ni kumwachia mama yao kwa wosia. Ni rahisi na unaweza kubadili mawazo, ila wosia huo utasomwa mbele ya watu watakaokuwa wanasikia habari zake kwa mara ya kwanza, na hakuna pa kupata upinzani kirahisi kama hapo. Ya pili ni kuwaachia watoto wawili nyumba kwa wosia, na mama yao apewe haki ya kukaa humo maisha yake yote. Inapendeza, lakini siku vijana wanataka kuuza na mama hataki, utakuwa umewapandia ugomvi wao wenyewe. Ya tatu ni kuihamisha sasa, kwa jina la mama au la watoto wakiwa watu wazima. Ikishahama si mali yako tena, haiingii kwenye mirathi, na wewe ukiwa hai unaweza kusema kwa kinywa chako kwamba ulikusudia. Gharama yake ni kwamba huwezi kuirudisha. Mimi ningechagua hiyo ya tatu, kwa masharti mawili. Kwanza, hati ni ya lizi: angalia imebaki miaka mingapi na kama mkataba unataka kibali cha mwenye ardhi, mara nyingi bodi ya ardhi ya wilaya, kabla ya kuhamisha. Lizi iliyobakiza miaka michache ni zawadi ya kesi. Pili, sheria ya ardhi inataka ridhaa ya mke wa ndoa kwa ardhi ya familia. Kwa ulivyoeleza, familia ya Busia haiishi wala kula kutoka Jinja, lakini usiamue hilo peke yako. Wakili aitazame.

Ndiyo, hii ina maana mkeo lazima ajue. Najua ulichokuwa unakitafuta ni njia ya karatasi inayokwepa mazungumzo hayo. Haipo. Ukiyakwepa, yatafanywa na watoto wako wakiwa wamevaa nguo za msiba.

Nyumba ya Busia, kama hati ni ya jina lako pekee, fikiria kumwingiza mkeo kama mmiliki wa pamoja. Kuna aina mbili na mtu wa ofisi ya ardhi hatakueleza usipouliza. Katika moja, kila mtu ana fungu lake na fungu hilo hupita kwenye mirathi yake. Katika nyingine, anayebaki hai huchukua yote: anapeleka cheti cha kifo na maombi ofisi ya ardhi, jina lako linaondolewa, hakuna barua za usimamizi kwa nyumba hiyo. Uzuri wake uko wazi. Upande wa pili ni kwamba akishaimiliki peke yake, anaweza kumwachia amtakaye.

Kibanja cha Luwero kinarithiwa, lakini kinasimama kwa ushahidi mwepesi. Yale makubaliano ya karatasi yaliyofifia wino, yaliyokunjwa mara nne, ndiyo hati yako. Yatoe nakala. Lipa busuulu, ile kodi ya mwaka kwa mwenye ardhi, na uhifadhi kila risiti. Mwenye mailo, yaani mwenye hati ya ardhi ambayo kibanja chako kipo juu yake, kama hakuidhinisha ulivyonunua, mfuate sasa akuandikie, na umpeleke mtoto utakayemwachia akajulikane kwake na kwa LC1. Mtoto asiyejulikana na jirani yeyote akifika Luwero baada ya mazishi, atakuta mihogo ya mtu mwingine.

Malori: hakikisha logibuku, yaani kadi za usajili wa magari, ziko kwa jina lako, siyo la aliyekuuzia. Kama biashara inalisha watu wengi, zungumza na wakili juu ya kusajili kampuni URSB, ofisi ya usajili wa makampuni. Kampuni haifi nawe, mshahara wa madereva na mafuta vitaendelea kulipwa, ingawa hisa zako zitapita kwenye mirathi kama mali nyingine. Madeni unayodai na unayodaiwa yaandike kwenye daftari moja. Unayodaiwa hulipwa kabla ya mrithi yeyote kupata kitu.

Benki na SACCO. Jina la ndugu wa karibu kwenye fomu ya benki ni la mtu wa kupigiwa simu. Halimfanyi kuwa mrithi, na wako, Mungu amrehemu, hata simu hatapokea. Badilisha wiki hii. SACCO ina masharti yake, nyingine hulipa moja kwa moja kwa uliyemteua, kwa hiyo soma ya kwenu na usasishe jina. Na muulize meneja wa benki kama akaunti ya pamoja na mkeo wataiacha wazi mmoja akifariki, umwombe akuandikie jibu.

Wosia peke yake nimesema unaweza kuuandika bila wakili. Kwako wewe, nenda kwa wakili kwa mambo matatu: lizi ya Jinja, mirathi ya baba, na kampuni ukiamua kuianzisha. Kama una ardhi ng'ambo, Busia ya Kenya, nenda pia kwa wakili wa huko, kwani ardhi hufuata sheria ya nchi ilipo na karatasi za mahakama ya Uganda hazitoshi bila kuthibitishwa na Mahakama Kuu ya Kenya. Muulize wakili bei kabla ya kukaa. Asiye na uwezo anaweza kwenda Justice Centres Uganda au mradi wa msaada wa kisheria wa chama cha mawakili, na wanawake wanaweza kwenda FIDA, chama cha mawakili wanawake.

Nimalizie na shemeji yako, mjane wa ndugu yako, kwa sababu yeye hana muda wa kusubiri. Barua za usimamizi hazimfanyi mdogo wenu kuwa mwenye mali. Alitakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi sita, na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Sheria ya 2022 iliipa karatasi yake kikomo cha miaka miwili, na kuongeza ni mahakama tu. Kuuza mali ya marehemu kulihitaji ridhaa ya maandishi ya mjane na watoto. Mjane aende katika mahakama iliyotoa barua hizo, akiwa na namba ya shauri, aombe kuona faili: orodha imo? Hesabu imo? Kama havimo, hiyo ni sababu tosha ya kuomba barua zifutwe na apewe yeye au mtu mwingine. Wakati huo huo aweke kaveati, yaani zuio, kwenye kila hati ya ardhi yenye jina la marehemu, ili isiuzwe kama lilivyouzwa lori. Ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu ina tawi Mbale, karibu nanyi. Apeleke cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi yoyote ya mauzo ya lori aliyoipata. Na wewe, kama mkubwa wa familia, panda naye gari siku hiyo, ukamshuhudie.